Vidole vitatu mdomoni

Harusi ya Lamu bila tambuu ni harusi iliyopungua kitu. Sinia hupita, jani limekunjwa vizuri, ndani mna popoo, kokwa ya mti wa mpopoo, iliyokatwa vipande vyembamba, katu kidogo inayotia rangi, chokaa ya kupakwa kwa ncha ya kidole, iliki au karafuu kwa harufu, na kwa wapenda ukali, tumbaku. Malindi ni hivyohivyo. Kina bibi wengi wana kijaluba chao, kikopo cha kuwekea tambuu, kando ya kitanda, na aliyeishiwa meno hutwangiwa kwenye kinu kidogo. Sina nia ya kuitukana mila hii. Kuna kauli moja tu inayonisumbua, kwa sababu husemwa kwa uhakika mkubwa na si kweli: "Mimi natafuna tu, tumbaku sitii."

Tambuu yenye tumbaku ilitajwa kuwa chanzo cha saratani tangu miaka ya 1980. Lakini IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilichapisha uamuzi mwingine mwaka 2004: tambuu isiyo na tumbaku, na popoo yenyewe, zikaingizwa katika kundi la kwanza, la vitu ambavyo imethibitika vinaleta saratani kwa binadamu. Sigara imo kundi hilohilo. Hapa watu hukosea kusoma. Kundi linaeleza uhakika wa ushahidi, halielezi ukubwa wa hatari, kwa hiyo usiseme tambuu moja ni sawa na sigara kadhaa. Sema tu kwamba kuiondoa tumbaku hakuisafishi tambuu. Jani si mshtakiwa mkuu. Kesi iko kwenye popoo na chokaa.

Popoo ina kemikali iitwayo arekolini, ambayo ndiyo inayoleta ule uchangamfu, na jasho la usoni kwa asiyeizoea. Kila mtafunaji anajua kwamba tambuu bila chokaa haina nguvu. Sababu ni kwamba chokaa huichota arekolini kutoka kwenye popoo na kuibadilisha. Papo hapo chokaa hiyo inauchubua utando wa shavu na kuchochea molekuli haribifu za oksijeni zinazoumiza vinasaba vya seli. Tena popoo ina madini ya shaba kwa wingi, na shaba huongeza kazi ya kimeng'enya kinachozifunga pamoja nyuzi za kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara. Nyuzi zinajengeka haraka kuliko zinavyovunjwa. Miaka ikipita, shavu linakaza kama ngozi iliyowambwa ngomani, na mdomo unaanza kukataa kufunguka.

Kukakamaa huku kwa kinywa kuna historia na Kenya kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1952 mtaalamu aitwaye Schwartz aliandika habari za wanawake watano wenye asili ya India, wa hapa Kenya, waliokuwa na vinywa vilivyokaza, akaupa ugonjwa jina la Kilatini lenye maana kwamba chanzo chake hakijulikani. Leo kinajulikana. Tunajua pia kwamba hali hii ni ngazi ya kuendea saratani kwa baadhi ya watu: huko India wagonjwa 66 walifuatiliwa, wengine hadi miaka 17, na watano kati yao wakapata saratani ya kinywa.

Dalili ya kwanza huonekana jikoni kabla ya hospitalini. Mtu aliyekula achari na pilipili maisha yake yote anaanza kulalamika kwamba mchuzi unamuunguza. Anaomba chakula kisitiwe pilipili. Baadaye hawezi kupiga mluzi, au akitaka kupuliza makaa mashavu hayajai. Tonge linakuwa dogo. Watu wa nyumbani huona ni uzee.

Sasa kipimo. Mwambie afungue mdomo hadi mwisho, kisha aweke vidole vyake mwenyewe vitatu, cha shahada, cha kati na cha pete, vimepangwa wima kimoja juu ya kingine, kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Viwe vyake, wala si vyako, maana mkono wa mtu hulingana na kinywa chake. Vikiingia vyote, ufunguzi ni wa kawaida. Vikiingia viwili tu, kuna jambo. Mwenye rula apime kwa milimita: chini ya 35 ni kiasi cha kumpeleka kwa daktari wa meno. Kwa asiye na meno ya mbele namba hiyo haitumiki, kwani nafasi ya meno inaongezeka kwenye kipimo. Kwake linganisha kipimo cha leo na cha mwezi ujao, kila mara kutoka ufizi hadi ufizi. Andika tarehe na namba. Kipimo kisichoandikwa ni kama hakikufanywa, kwa sababu kinywa hujifunga polepole mno kwa jicho kutambua.

Kuhusu kukagua kwenyewe, kosa la kwanza ni wakati. Ukimtazama mtu aliyetoka kutafuna utaona wekundu na uhudhurungi kila mahali, na ndani ya rangi hiyo baka lolote hupotea. Mkague asubuhi baada ya mswaki, kabla ya tambuu ya kwanza. Ramadhani ni bora zaidi: alasiri ya mfungo kinywa kimekaa tangu alfajiri bila kitu. Rangi iliyobaki ipanguse kwa shashi iliyolowanishwa maji kidogo. Inayotoka ni doa la katu. Isiyotoka ndiyo unayoitafuta.

Mkalishe karibu na dirisha. Meno ya bandia yatoke, yote, hata kama anaona haya; chini ya sahani ya meno ya bandia ni mahali ambapo vidonda hujificha muda mrefu. Unahitaji tochi ya simu, kijiko cha chai kilichooshwa kwa sabuni, vipande viwili vya shashi, na glavu, au mikono iliyooshwa vizuri ikiwa unajikagua mwenyewe kwa kioo. Tochi isiwe karibu sana, kwani mate yanameta na mng'ao huo huonekana kama weupe.

Anzia nje. Pitisha vidole chini ya taya kutoka kidevuni hadi chini ya sikio, kisha ushuke ubavu wa shingo hadi mfupa wa mtulinga, kulia na kushoto. Tezi ya mafua huuma na huteleza chini ya kidole. Uvimbe mgumu usiouma na usiosogea ni habari nyingine. Halafu pindua midomo, wa juu na wa chini.

Mashavu yanataka subira. Kabla hujatazama muulize: "Bibi, tambuu unaiweka upande gani?" Kila mtafunaji ana upande wake, na huko ndiko kwenye hatari, hasa kwa anayelala nayo shavuni. Ingiza mpini wa kijiko, lisukume shavu nje, na utazame kutoka pembe ya mdomo hadi nyuma ya gego la mwisho. Kisha ingiza kidole cha shahada ndani, gumba libaki nje, ulisugue shavu katikati yao. Shavu lenye afya ni laini kama unga uliokandwa. Lililoanza kukakamaa lina mikanda ya wima unayoihisi kama kamba ya usumba chini ya kitambaa, na rangi yake imepauka, ina mawimbi ya marumaru.

Baada ya hapo fizi, ndani na nje. Kisha ulimi: ushike ncha kwa shashi, uuvute taratibu kulia ili uone ubavu wa kushoto hadi nyuma kabisa, halafu kinyume chake. Watu wengi huambiwa "toa ulimi", hutazamwa juu yake, basi. Juu ya ulimi saratani ni nadra. Ipo kwenye mbavu na chini. Kwa hiyo mwambie auguse ulimi kaakaani, utazame sakafu ya kinywa, na uibonye kwa kidole huku mkono wa pili ukiinua kutoka chini ya kidevu. Malizia kaakaa na kimeo. Kwa mtu aliyekaza sana, kimeo husinyaa na kujikunja.

Kazi yote haizidi dakika tano. Yapo mambo ya kawaida yanayotisha bure. Vinundu vilivyojipanga nyuma ya ulimi kwa umbo la herufi V ni maumbile. Uvimbe mgumu kama mfupa katikati ya kaakaa, uliokuwepo miaka yote, ni mfupa kweli. Mstari mweupe mwembamba shavuni, usawa wa meno yanapokutana, ni wa kung'ata. Mishipa ya bluu chini ya ulimi wa mzee ni mishipa tu. Ukiwa na shaka, tazama upande wa pili: maumbile kwa kawaida hujirudia pande zote mbili, ugonjwa huanzia mmoja.

Yasiyo ya kawaida ni haya. Baka jeupe lisilofutika kwa shashi. Likifutika na kuacha wekundu, huenda ni utando wa kuvu, nao pia unahitaji kutibiwa. Baka jekundu kama mahameli, ambalo watu hulidharau kwa kuwa si kubwa wala haliumi. Jekundu ni baya kuliko jeupe, na mchanganyiko wa mawili hayo usipewe hata mwezi. Kidonda chenye kingo ngumu zilizoinuka. Jino linalolegea peke yake wakati majirani zake ni imara. Ganzi ya mdomo au ulimi. Maumivu ya sikio upande mmoja kwa mtu ambaye sikio lake ni zima. Maumivu ya kinywa chenyewe huchelewa kufika, na ndiyo maana anayeyasubiri huchelewa pamoja nayo.

Je, kukagua hivi kunaokoa mtu, au ni kazi ya kujifariji? Jibu zuri zaidi tulilo nalo limetoka Kerala, kusini mwa India. Kuanzia mwaka 1996 yalichaguliwa maeneo 13 katika wilaya ya Trivandrum. Katika baadhi yake watu wa miaka 35 na zaidi walikaguliwa vinywa nyumbani kwao kila baada ya miaka mitatu hivi, kwingine hawakukaguliwa. Matokeo ya mwaka 2005 yalionyesha kwamba kwa wanaotumia tumbaku au pombe, vifo vya saratani ya kinywa vilipungua kwa asilimia 34. Kwa watu wote wakichanganywa, tofauti haikuwa ya kutegemeka. Maana yake kwetu ni kwamba hakuna haja ya kumkagua kila mtu Lamu nzima. Mtafute mtafunaji na mvutaji. Jambo la pili linalonivutia katika utafiti huo ni waliofanya ukaguzi: hawakuwa madaktari. Walikuwa wahitimu wa vyuo wasio wa tiba, waliofunzwa kazi hiyo. Wahamasishaji wetu wa afya ya jamii, waliopewa mikoba mwaka 2023, wanapita nyumba kwa nyumba wakipima presha na sukari. Tochi wanayo kwenye simu. Kuwaongezea swali la tambuu na dakika tano za kukagua si gharama ya kushinda kaunti.

Ukiona kitu, hesabu siku 14 kuanzia siku hiyo. Sababu ya siku hizo ni kwamba kidonda cha kujing'ata, cha jino lenye ncha, cha meno ya bandia yanayobana au cha kuungua na chokaa hupona ndani ya wiki mbili sababu yake ikiondolewa. Ikiondolewa, nasema. Mtu akiendelea kutafuna, siku 14 hazijaanza. Tambuu isimame, meno ya bandia yakae kwenye glasi, jino lichongwe. Siku ya 15 kidonda kikiwa bado kipo, kazi ya nyumbani imekwisha.

Na hapa ndipo miezi inapopotea. Mgonjwa anapewa antibayotiki siku tano, kidonda kinapungua maumivu kwa sababu wadudu wa juu wamekufa, anarudi nyumbani. Baada ya mwezi anapewa nyingine. Au anapakwa ile dawa ya zambarau, ambayo kwa mtafunaji tambuu ni balaa, kwa kuwa inafunika wekundu wote na atakayefuata kutazama haoni kitu. Au jino lililolegea linang'olewa, na shimo lake halifungi. Shimo la jino lililong'olewa ambalo halijaanza kufunga baada ya wiki tatu, na linaota nyama laini inayotoka damu, lisiitwe "limeingia wadudu" mara ya pili. Swali la kumuuliza daktari ni moja: "Kinyama cha kupimwa kinakatwa lini?"

Wengi huogopa kwamba kisu kikigusa kitausambaza ugonjwa. Saratani ya kinywa haienei kwa sababu ya kukatwa kinyama. Inaenea kwa kuachwa. Kinachokatwa ni kipande cha milimita 4 au 5 kwa ganzi ya sindano kama ya kung'oa jino. Mahali pa kukata ni ukingoni, panapokutana pabovu na pazima, na kiwe na kina cha kutosha. Kikikatwa katikati ya kidonda kilichooza, maabara itajibu kwamba imeona usaha na seli zilizokufa, na mgonjwa ataambiwa "hakuna saratani" ilhali hakupimwa.

Kipande hicho kinaingia kwenye fomalini ya asilimia 10, dawa ya kuzuia nyama isioze, na fomalini iwe angalau mara kumi ya ukubwa wake. Si maji ya chumvi, si spiriti. Kwa joto la Pwani, kinyama kilicholala usiku mmoja kwenye maji ya chumvi kinaoza kabla basi halijafika. Chupa iwe ya mdomo mpana, kwa kuwa nyama hukakamaa ndani ya fomalini na haitoki tena kwenye shingo nyembamba. Jina liandikwe ubavuni mwa chupa, kamwe si kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana mezani. Fomu iseme umri, mahali hasa ("ubavu wa kushoto wa ulimi, sentimita 1 na nusu", si "mdomoni"), muda gani kimekuwepo, na kama anatafuna: mara ngapi kwa siku, miaka mingapi, upande gani, na tumbaku au bila. Kwa Lamu ongeza safari: boti hadi Mokowe upande wa bara, kisha barabara. Ulizia tarehe ya majibu na jina la maabara kabla hujaondoka, na majibu yakitoka yapige picha kwa simu yako.

Ukubwa una maana hapa. Uvimbe usiozidi sentimita 2, ambao haujazama zaidi ya milimita 5 wala kufika kwenye tezi za shingo, uko kwenye hatua ya kwanza, na mara nyingi upasuaji peke yake unatosha. Ukizidi hapo mambo huanza kuongezeka: tezi za shingo, mionzi, safari za Mombasa wiki baada ya wiki. Wanaokwenda kwenye mionzi wapitie kwa daktari wa meno kwanza. Meno mabovu yang'olewe takriban wiki mbili kabla ya mionzi kuanza, ili mashimo yapate kufunga. Mfupa wa taya uliopigwa mionzi haupendi kung'olewa jino baadaye. Usajili wa SHA, bima ya afya ya jamii, nao ukamilishwe wakati mtu bado mzima.

Watu huuliza kuhusu muguka na miraa. Hazimo kwenye orodha ya IARC ya vitu vilivyothibitika, ila mtafunaji wa muguka akiwa na sigara mkononi, sigara imo. Kahawa chungu ya dele haina kosa kwa ukahawa wake. Kinywaji chochote kinachonywewa kikiwa juu ya nyuzi 65 kimeshukiwa tangu mwaka 2016 kuhusiana na saratani ya umio. Iache kikombeni dakika chache.

Kuacha tambuu kunapunguza hatari ya saratani ya kinywa. Mwaka 2023 IARC lilitoa kitabu kizima kuhusu kinga ya saratani hii na kulikubali hilo. Kukakamaa kwenyewe hakurudi nyuma kirahisi, lakini kunaweza kusimama. Anayetafuna na tumbaku hupata taabu mara mbili, kwani nikotini nayo inamdai: kichwa kuuma, hasira, kukosa usingizi, na siku chache za mwanzo ndizo mbaya zaidi. Kosa la kawaida ni kuacha tumbaku kwanza na kubaki na popoo "kidogo kidogo". Hapo amebadilisha mlango, nyumba ni ileile. Bora ahesabu tambuu za siku kwa wiki moja bila kubadilisha chochote, kisha aondoe kwanza ya usiku, ile anayolala nayo shavuni, maana ndiyo inayokaa saa nyingi kuliko zote. Iliki tupu au chingamu isiyo na sukari huipa taya kazi. Mwezi wa Ramadhani umekwisha kumthibitishia kwamba anaweza kukaa kuanzia alfajiri hadi magharibi. Kilichobaki ni saa za usiku. Popoo tamu za pakiti ziondoke machoni pa watoto. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kumuuzia tumbaku aliye chini ya miaka 18, ila popoo tupu si tumbaku, na duka litamuuzia yeyote mwenye shilingi.

Kwa ambaye kinywa kimeshaanza kukaza, daktari akishakata shaka ya saratani, kuna mazoezi ya vijiti: vile vijiti bapa vya mbao vya kubonyezea ulimi, au vya aiskrimu vilivyo safi. Pangilia vijiti vingi kadiri vinavyoingia kati ya meno bila maumivu makali, vikae hapo dakika moja, pumzika, rudia mara tano, mara tatu kwa siku. Kijiti kimoja kinaongezwa pale tu vilivyopo vinapoingia bila shida, na kamwe kisilazimishwe, kwani utando ukichanika hupona kwa kovu na kukaza zaidi. Idadi ya vijiti iandikwe kwenye kadi ya kliniki kila Ijumaa. Ikishuka kwa wiki mbili mfululizo, asingoje miadi.